Hilux LN106: breki inazima taa ya nyuma, taa kubwa moja nyekundu, fyuzi ya TAIL haikai

PikapuNjombe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye umeme wa taa. Gari ni Hilux LN106 ya 1994, dabo kebini, injini 3L, taa kubwa za H4 (balbu yenye nyuzi mbili, wa dimu na wa fuli). Kazi yake ni kubeba viazi na mbolea, na barabara ni za vumbi na matope.

Matatizo ni matatu, sijui kama yana undugu.

La kwanza: nikiwasha taa, za nyuma zinawaka zote mbili. Nikikanyaga breki, ya kulia inaongeza mwanga kama inavyotakiwa, ya kushoto inazima kabisa. Taa zote zikiwa zimezimwa, nikikanyaga breki dashibodi inawaka kwa mbali na taa za paki za mbele nazo hivyohivyo. Indiketa ya kushoto haieleweki, mara inapiga haraka, mara inawaka bila kupiga.

La pili: nikiwa kwenye dimu (mwanga wa chini), taa kubwa ya kushoto inawaka, ya kulia inatoa wekundu tu kama kaa la moto. Na alama ya bluu ya fuli (mwanga wa juu) inaonekana kwa mbali wakati sijaweka fuli. Hata hiyo ya kushoto mwanga wake ni wa njano. Balbu za mbele ni 100/90W, niliziweka nikidhani mwanga utaongezeka.

La tatu: fyuzi ya TAIL (ya taa za nyuma, paki na dashibodi) inaungua gari likiwa na mzigo kwenye barabara mbovu. Likiwa tupu inakaa hata wiki.

Balbu za nyuma zote ni mpya, betri mpya. Fundi mmoja amesema swichi ya usukani, mwingine amesema wayaringi yote ing'olewe. Multimita ninayo na testa ya balbu ninayo. Kabla sijatoa hela, nianzie wapi?

---

ethi_kwanza

Mkuu, usinunue swichi na usikubali wayaringi ing'olewe. Hilo la kwanza umelieleza vizuri mpaka linajitaja lenyewe: taa ya nyuma kushoto haina ethi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri.

Balbu ya nyuma ni 21/5W, ina nyuzi mbili ndani: wa 5W ni wa taa ya kawaida, wa 21W ni wa breki. Kila uzi una njia yake ya chanya, lakini ethi ni moja, ile ganda la balbu. Ethi ikikatika, umeme hauachi kutembea, unatafuta njia nyingine. Ukiwasha taa, umeme unapita uzi wa 5W, unafika kwenye ganda, unakosa pa kwenda, unageuka na kupanda kwenye uzi wa 21W, unafuata waya wa breki mpaka kwenye balbu ya kulia na kushuka kwenye ethi ya kulia ambayo ni nzima. Uzi wa 21W unapitisha kirahisi, kwa hiyo uzi wa 5W unawaka karibu sawa na kawaida na wewe unaona taa nzima. Sasa kanyaga breki: volti 12 inaingia upande wa pili wa njia ileile. Pande zote mbili zina 12, hakuna kinachotembea, taa inazima.

Ndiyo sababu pia dashibodi inawaka taa zikiwa zimezimwa. Umeme wa breki unapita uzi wa 21W, unarudi kwa uzi wa 5W, unaingia kwenye mstari wa TAIL na kuwasha kila kilichounganishwa humo.

Hakikisha kwa kipimo, usikisie. Weka multimita kwenye 20V DC. Waya mweusi shika kwenye hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye bodi (ongezea waya mrefu ukilazimika). Mwekundu gusa ganda la holda ya balbu ya kushoto, balbu ikiwa ndani. Washa taa, soma. Kisha mtu akanyage breki taa zikiwa zinawaka, soma tena. Ethi nzima haizidi 0.2V katika hali zote mbili. Rudia kulia ili uwe na cha kulinganisha.

Tafadhali usipime kwa ohm. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba utakusomea karibu sifuri, halafu ukiupa ampia 2 unakufa. Multimita kwenye ohm inapitisha umeme kiduchu mno, haiwezi kukuonyesha ugonjwa huu.

Jambo moja la kuangalia kabla: hakikisha hakuna aliyechomeka balbu ya 21W yenye nukta moja kwenye holda ya nukta mbili. Ile nukta moja inaunganisha mistari miwili na kuleta dalili zinazofanana na hizi. Angalia pia pini za pembeni za 21/5W: moja iko juu kuliko nyingine makusudi. Ikilazimishwa kinyume, taa ya kawaida inawaka kwa 21W muda wote na plastiki inayeyuka.

---

umeme_wa_magari

Naunga mkono hapo juu. Niongezee la mbele, kwa sababu watu wengi wanalikosea kwenye Hilux za miaka hiyo.

Taa kubwa za gari hili zinawashwa kwa upande wa hasi. Chanya inatoka kwenye rilei ya taa (swichi inayowashwa kwa umeme), inagawanyika kwenye fyuzi mbili, HEAD LH ya kushoto na HEAD RH ya kulia, na inafika kwenye mguu wa kati wa pamoja wa kila H4. Swichi ya usukani kazi yake ni kupeleka ethi kwenye mstari wa dimu au mstari wa fuli. Fundi aliyezoea gari linalopeleka chanya kwenye balbu atapima, ataona chanya kwenye mguu anaodhani ni ethi, na atakwambia wayaringi imeharibika. Iko sawa.

Wekundu wa kulia pamoja na alama ya bluu ni dalili ya chanya kukosekana upande wa kulia. Mguu wa pamoja wa kulia haupati umeme wa fyuzi yake, kwa hiyo unaazima kutoka kushoto: umeme unapita uzi wa fuli wa kushoto, unavuka kwenda uzi wa fuli wa kulia, unarudi kwa uzi wa dimu wa kulia na kushuka kwenye ethi ya dimu. Nyuzi tatu zimejipanga kwenye foleni moja, kila mmoja unapata volti 4 hivi. H4 ikipewa volti 4 inatoa wekundu wa kaa. Na kwa kuwa mstari wa fuli sasa una volti pungufu, balbu ya alama ya bluu nayo inapata kidogo.

Chomoa HEAD RH uitazame, kisha uirudishe. Taa zikiwa zinawaka, gusa kwa testa vitundu viwili vya juu ya fyuzi. Vikiwaka vyote viwili, fyuzi na miguu yake viko sawa, fuata waya mpaka soketi ya taa. Kikiwaka kimoja, fyuzi imekufa. Visipowaka vyote, meno ya boksi yanayoshika mguu wa kuingilia yameungua. Nina wasiwasi na hilo la mwisho kwa sababu ya balbu zako. 100W kwa volti 12 ni ampia 8.3 kwa taa moja. Ile ya kawaida ya 60/55W inakula ampia 5 kwenye fuli na 4.6 kwenye dimu. Fyuzi inaweza isiungue, lakini meno yanapata moto usiku kucha, yanalegea, yakilegea yanapata moto zaidi.

Tupa hizo 100/90 leo. Rudisha 60/55W, kisha injini ikiwa imewaka na taa ziko kwenye dimu, tuletee: volti kwenye betri, volti kati ya mguu wa pamoja na mguu wa dimu nyuma ya taa ya kushoto, na hivyohivyo kulia.

---

PikapuNjombe

Asanteni sana wakuu. Nimepima leo asubuhi.

Ganda la kushoto nyuma: taa zikiwaka 0.7V, nikiongeza breki 11.4V. Kulia: 0.08V na 0.15V. Balbu zote za nyuma ni za nukta mbili, pini ziko sawa.

HEAD RH haijaungua, lakini testa haiwaki upande wowote wa fyuzi. Nimeichomoa, mguu mmoja una weusi na plastiki ya boksi imevimba hapo. Nimebana jino kwa koleo ndogo kwa muda, taa ya kulia imerudi na alama ya bluu imepotea.

Nimeweka 60/55W. Betri injini ikiwaka 13.9V. Taa ya kushoto inapata 11.2V, kulia 11.0V.

---

ethi_kwanza

Hapo nyuma umeshamaliza uchunguzi. Tazama ile 0.7V: mtu angepima na taa za kawaida peke yake angesema ni kutu kidogo tu. Ni breki iliyofichua. Kupanda hadi 11.4V maana yake ethi ya kushoto imekatika karibu kabisa.

Sasa tengeneza. Kwenye Toyota za zama hizo waya wa ethi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Utafute nyuma ya taa na uufuate. Mara nyingi umekatika ndani ya plasta mahali unapopinda, au plagi yake imejaa unga wa kijani. Bodi la nyuma lisikudanganye. Limekaa juu ya chesisi kwa bolti zenye rangi, kutu na vipande vya mpira, kwa hiyo skrubu uliyotoboa kwenye bati la bodi siyo ethi ya kuaminika, hata kama leo inawasha taa.

Chukua waya wa 2.5mm², mmoja kutoka taa ya kushoto na mmoja kutoka ya kulia, uziunganishe kwenye jicho moja la bolti ya 6mm kwenye chesisi. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, eneo la ukubwa wa sarafu. Weka washa ya meno kati ya jicho na chesisi, kaza, kisha ndipo upake grisi na rangi juu. Ukipaka grisi nyingi kabla ya kukaza, inaweza kuwa kizuizi. Halafu pima chesisi hapo hapo dhidi ya hasi ya betri, taa na breki zikiwaka: isizidi 0.1V. Ikizidi, ongeza waya mnene wa 16mm² kutoka hasi ya betri hadi chesisi.

Viungio vya chini ya gari bana kwa koleo ya taminali na vifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Risasi ya kulehemu inafanya waya ugande, na mtetemo unaukata pale tu risasi inapoishia. Tepu peke yake haivumilii masika moja.

---

umeme_wa_magari

13.9V kwenye betri na 11.2V kwenye taa ni kupoteza volti 2.7 njiani. Alteneta yako ni nzima, usiiguse. Njia ndiyo iliyochoka: rilei ya taa, meno ya fyuzi, swichi ya usukani, plagi, na waya mwembamba uliozeeka.

Mwanga wa balbu ya uzi hauanguki sawa na volti, unaanguka kwa kasi zaidi. H4 hupimwa kiwandani kwa 13.2V. Ukiipa 11.2V unabaki na zaidi kidogo ya nusu ya mwanga ule. Ndiyo njano unayoiona. Balbu ya wati nyingi inavuta ampia nyingi kwenye njia ileile mbovu, volti inaanguka zaidi, unabaki na joto.

Dawa ni rilei mbili. Vifaa vinavyohitajika ni hivi: rilei 2 za 12V 30A zenye miguu minne pamoja na soketi zake, vishikio 2 vya fyuzi vyenye fyuzi za 15A, soketi 2 za H4 za kauri (za plastiki laini zinayeyuka), waya wa 4mm² mita 5, wa 2.5mm² mita 6, taminali na mpira wa kusinyaa.

Rilei moja ni ya dimu, nyingine ya fuli. Namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei. Mguu 30 wa kila rilei unapata chanya moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, na fyuzi hiyo iwe karibu na betri, umbali wa kiganja. Mguu 87 unakwenda kwenye taa zote mbili. Fyuzi mbili ni kwa usalama wako: dimu ikiungua kwenye kona usiku, unabakiwa na fuli.

Sasa sehemu inayoharibika mikononi mwa wengi. Tumia soketi moja ya zamani, ya kushoto, kama kiamshi cha kuziwasha rilei. Mguu wake wa pamoja ni chanya: upeleke kwenye 86 ya rilei zote mbili. Mstari wa dimu wa soketi hiyo uende kwenye 85 ya rilei ya dimu, mstari wa fuli kwenye 85 ya rilei ya fuli. USIPELEKE 85 kwenye ethi. Ukifanya hivyo, mara tu ukiwasha taa rilei zote mbili zinashika pamoja, dimu na fuli zinawaka kwa wakati mmoja, na H4 haikutengenezwa kuvumilia 115W ndani ya kioo kile. Soketi ya zamani ya kulia ifunge vizuri uiache. Ukifuata hivi, alama ya bluu itaendelea kufanya kazi kama zamani.

Kwenye soketi mpya, mguu wa pamoja wa balbu sasa unakuwa ethi, waya wa 2.5mm² kila upande hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa. Kama hujui mguu upi ni wa uzi upi, gusisha balbu na betri pembeni: uzi wa dimu ndio wenye kikombe kidogo cha bati chini yake ndani ya kioo. Rilei zifunge miguu ikitazama chini, maji yasituame.

Ukimaliza pima tena. Tofauti kati ya betri na taa isizidi 0.5V.

---

Mlandizi78

Wakuu, kwa nini asiweke LED za H4 tu? Zinakula umeme kidogo, shida ya waya inaisha.

---

umeme_wa_magari

Mkuu Mlandizi78, swali zuri, lakini jibu langu ni hapana kwa gari hili. Kioo na kiakisi cha taa hii vimechorwa kwa uzi mwembamba uliokaa sehemu moja kamili. LED nyingi za kuchomeka hazitoi mwanga kutoka sehemu hiyohiyo, kwa hiyo mwanga unatawanyika juu. Dereva anaona bati la mbele limeng'aa, anayekuja mbele yake haoni barabara, na pembeni pa watembea kwa miguu pamebaki giza. Pia LED yenye ulinzi wa hasi na chanya inaweza isiwake kabisa, kwa sababu hapa mguu wa pamoja ni chanya.

Na indiketa ukiweka LED, flasha ya zamani (kifaa kinachopigisha indiketa) inadhani balbu imeungua, inapiga haraka. Inabidi kubadilisha flasha, au kuweka rezista ya ohm 6 yenye uwezo wa 50W kila taa, ambayo inapata moto wa kuunguza plastiki. Kwenye pikapu ya shamba ni kuongeza viungio vya kuharibika.

---

nyaya_chini

Bado fyuzi ya TAIL haijajibiwa. Kwanza hesabu: paki za mbele 5W mbili, za nyuma 5W mbili, za namba mbili, jumla 30W, ampia 2.5, ongeza taa ndogo za dashibodi. Fyuzi ya 15A haiungui kwa mzigo huo. Kuna waya unagusa chuma, na kwa kuwa ni mpaka uwe na mzigo, ni mahali ambapo chesisi na ekseli vinasogeleana au bodi linabonyea. Usije ukaweka fyuzi ya 30A, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na uko jirani na tenki.

Chomoa fyuzi ya TAIL. Chomoa balbu zote tano-wati, mbele, nyuma na za namba. Chukua balbu ya 21W yenye waya mbili, iunganishe kwenye vitundu viwili vya fyuzi, kisha washa taa. Ikiwaka kwa mbali, hiyo ni dashibodi, haina neno. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo sasa hivi. Balbu inazuia ampia zisizidi 2, kwa hiyo unaweza kutafuta kwa utulivu bila kuunguza kitu.

Kwa kuwa yako inakuja na kuondoka, pakia magunia, mtu mmoja asimame ndani ya kebini kutazama balbu, wewe ingia chini na utikise nyaya kipande kwa kipande, gari likiwa limewekewa magogo kwenye matairi. Anza juu ya ekseli ya nyuma, kisha pembeni ya tairi la akiba, kisha klipu za chesisi, kisha waya wa taa za namba unapoingia kwenye bampa. Kama kuna plagi ya tela inayoning'inia, ianzie hiyo. Matope mabichi ndani yake yanatosha. Balbu ikibadilika mwanga ukiwa umeshika kipande fulani, chana plasta hapohapo.

---

PikapuNjombe

Mrejesho wakuu.

Nyuma: waya mweupe wenye mstari mweusi ulikuwa umekatika sentimita kama 10 kutoka kwenye taa ya kushoto, shaba ndani imekuwa nyeusi. Nimeweka ethi mpya mbili kwenye chesisi. Ganda la kushoto sasa linasoma 0.06V, nikikanyaga breki 0.11V. Dashibodi haiwaki tena na breki, indiketa inapiga vizuri.

Mbele: rilei zimefungwa. Betri 13.9V, kushoto 13.5V, kulia 13.5V. Jino la boksi lililovimba bado liko vilevile, ila sasa halipitishi tena umeme wa taa kubwa.

TAIL: nimepakia magunia nane, balbu ya kupimia iliwaka kwa nguvu niliposhika nyaya juu ya ekseli. Klipu ya chesisi imevunjika, nyaya zimelala kwenye kona ya chuma na waya wa kijani umechubuka kama nusu sentimita. Nimeukata, nimebana taminali, nimevalisha mpira. Swali la mwisho: niurudishe palepale au niupitishe kwingine?

---

nyaya_chini

Palepale panafaa, ila usiziache zigusane na kona. Chukua mpira wa maji wa nusu inchi, upasue kwa urefu sentimita 40, uvalishe nyaya zote sehemu hiyo, na uzifunge kwa klipu ya chuma yenye mpira kwenye tundu la zamani la klipu, siyo kwenye bomba la breki. Acha zilegee kidogo kabla na baada ya ekseli ili bodi likibonyea zisivutike. Rudisha fyuzi ileile ya 15A, pakia magunia yaleyale, washa taa na upite kwenye ile barabara mbovu kabla hujafunika plasta.

---

umeme_wa_magari

Na kwa kuwa taa sasa zina nguvu yake kamili, rekebisha uelekeo ukiwa na mzigo wako wa kawaida, maana viazi vikikaa nyuma pua inanyanyuka. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani. Ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 chini ya alama hiyo. Skrubu za kurekebisha ziko kwenye fremu ya taa, zipulizie mafuta ya kulainisha kwanza, zikilazimishwa zinavunja plastiki yake.